Kobe wa miguu myekundu aliyeachwa Mikindani

Swali: Shikamoo daktari. Niko Mikindani. Mgeni aliyekuwa amepanga kwenye nyumba ya mjomba, akifanya kazi za gesi, alimaliza mkataba mwezi wa tano akaondoka, akatuachia kobe na sanduku lake. Alisema tu ni kobe wa Amerika Kusini. Gamba ni jeusi, kila kigae kina doa la manjano katikati, na miguu ya mbele ina magamba mekundu. Jirani anasema ni kobe wa porini wa hukuhuku, kapakwa rangi. Shemeji ananiambia nimwachie kwenye mikorosho atajitafutia. Anakaa uani kwenye mchanga, tunampa mchicha, ugali na tikiti. Wiki hii ya upepo anatokwa na kamasi puani na hali vizuri. Duka la dawa za mifugo wamenishauri nimchome sindano ya minyoo. Nimetuma picha nne; gamba nimelipima lina sentimita 24. Ni kobe gani, na nifanye nini? (Msomaji, Mikindani)

Marahaba, mwanangu. Hiyo sindano usimchome. Nakuomba uanzie hapo kabla ya kusoma mengine yote.

Dawa ya sindano ya minyoo na kupe inayouzwa kwa wingi huku kwetu kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi ni ivamektini. Kwa ng'ombe ni dawa njema na mimi mwenyewe naitumia. Kwa kobe ni sumu. Inashika mishipa ya fahamu, misuli inalegea, na mnyama anakufa akiwa hawezi kuvuta pumzi. Onyo hilo liliandikwa na madaktari wa wanyama tangu mwaka 1983, lakini halijafika kwenye kila duka la dawa za mifugo, na muuzaji anayekupa anakupa kwa nia njema kabisa. Niliwahi kuletewa kobe pale Lindi, ndani ya ndoo, siku mbili baada ya kuchomwa. Shingo ilikuwa imetoka nje yote, kichwa kimelala upande juu ya ukingo wa gamba kama kitu kilichosahauliwa hapo. Kobe mzima ukimvuta mguu, na yeye anauvuta, mnashindana. Ule mguu ulikuja wote mkononi mwangu bila ubishi, na nilipouachia ukabaki vilevile ulivyoanguka. Tulimweka penye joto, tukampa maji, tukamgeuzageuza asielemewe na mapafu yake mwenyewe. Siku ya nne alikufa. Mwenye kobe alikuwa mzee mmoja aliyekaa naye miaka kumi na kitu, na aliniuliza swali moja tu: kwa nini hakuna aliyeniambia? Ndiyo maana nakuambia wewe mapema.

Kama kuna haja ya kumpa dawa ya minyoo, kwanza kinyesi chake kipimwe kwa darubini. Chukua kinyesi kibichi kwenye kikopo safi, ukipeleke kwenye maabara ya mifugo au kwa daktari wa mifugo wa halmashauri. Zipo dawa za minyoo za kunywa ambazo kobe wanazivumilia, fenbendazo ni mojawapo, lakini kipimo chake hutolewa kwa uzito na daktari. Kobe kuwa na minyoo michache tumboni si ugonjwa, na kamasi yake haitokani na minyoo.

Kamasi inatokana na baridi. Najua utashangaa, kwa kuwa sisi tunaona Mtwara hakuna baridi. Lakini mwezi huu wa saba kusi linavuma mchana kutwa, na usiku joto linashuka hadi kwenye nyuzi 20 au chini kidogo. Mchanga wa uani unapoa haraka kuliko hewa, na kobe wako amelalia mchanga huo kwa tumbo. Yeye hana joto lake mwenyewe, anachukua la mahali alipo. Huyu anataka mchana wa nyuzi 27 hadi 30, usiku usishuke sana chini ya 22, na akiwa mgonjwa asipoe kabisa.

Kwa hiyo kuanzia usiku wa leo mwingize ndani. Tafuta boksi kubwa la mbao au karatasi ngumu, tandika majani makavu ya mgomba, weka kwenye kona isiyopitiwa na upepo. Kama una ile taa ya vifaranga, ining'inize upande mmoja tu wa boksi, ili akizidiwa na joto asogee upande wa pili. Hakikisha haigusi karatasi wala majani. Umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye dumu la lita tano, lifunge khanga mara mbili, uliweke pembeni mwake. Asubuhi mwogeshe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yale unayoweza kumwogeshea mtoto mchanga, kina kisizidi kidevu chake, dakika ishirini. Atakunywa humo na mara nyingi atajisaidia humo pia. Mfute, umrudishe kwenye joto. Fanya hivyo kila siku. Kamasi nyembamba ya maji huisha kwa joto na maji peke yake ndani ya wiki moja au mbili. Ukiona mapovu puani, akifungua mdomo ili kuvuta pumzi, akinyoosha shingo na kukoroma, au macho yakivimba yasifunguke, usisubiri: hapo pana maambukizi ya mapafu au upungufu wa vitamini A, na anahitaji sindano ya daktari, ya aina sahihi na kwa uzito wake. Vidonge vya binadamu vilivyobaki kabatini havimfai.

Sasa tumtambue.

Nimezitazama picha zako kwa muda mrefu, na picha iliyonisaidia kuliko zote ni ile uliyopiga kutoka mbele, akiwa amechungulia. Tazama ukingo wa gamba juu ya shingo, pale katikati kabisa. Kobe wengi wana kigae kidogo chembamba hapo, kimebanwa kati ya vigae viwili vikubwa vya ukingoni. Wako hana. Vigae viwili vimekutana moja kwa moja, na mahali pa kukutana pameingia ndani kidogo. Kobe wote wa kundi la Amerika Kusini wako hivyo. Hii haitoshi peke yake, maana hata yule kobe wetu mkubwa wa nyikani, mwenye gamba la juu sana na madoadoa meusi kwenye manjano, naye hana kigae hicho. Lakini rangi za huyo wetu ni za nyasi kavu mwili mzima, hana wekundu popote.

Jirani yako, nadhani, anamfikiria kobe wa bawaba, yule mnayemkuta baada ya mvua kwenye vichaka na chini ya mikorosho, akila uyoga na majongoo. Huyo jina lake la kitaalamu ni Kinixys zombensis, linatokana na Zomba ya Malawi, na anaishi pwani yetu hii kushuka hadi Afrika Kusini. Ana alama isiyodanganya: gamba lake la mgongoni lina kiungo. Kwenye theluthi ya nyuma kuna mstari unaoshuka ubavuni, na akiogopa anaishusha sehemu ile ya nyuma kama mtu anayefunga kifuniko cha sanduku, akafunika miguu. Mshike wa kwako kwa upole umtazame ubavuni. Gamba ni kipande kimoja kigumu toka mbele hadi nyuma. Na kuhusu kupakwa rangi, lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu usugue gamba moja jekundu la mguuni. Rangi ya kupaka ingekaa juu juu na kuingia kwenye mifereji kati ya magamba. Kwenye picha yako mifereji ni myeusi na wekundu uko ndani ya gamba lenyewe.

Basi ni wa Amerika Kusini, mgeni alisema kweli. Ila neno hilo "wa Amerika Kusini" halitoshi kumtunza mnyama, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Kule kuna kobe wa Chaco, wa nyika kavu za Argentina na Paraguay, gamba lake la kikahawia lisilo na wekundu. Huyo anataka pakavu. Ukimtunza wa kwako kwa maelekezo ya kobe wa Chaco utamkausha, na wa Chaco ukimtunza kama wa kwako ataoza gamba. Halafu wako ndugu wawili wanaofanana sana, wote wa misitu: mwenye miguu ya manjano, Chelonoidis denticulatus, na mwenye miguu myekundu, Chelonoidis carbonarius. Wa manjano huwa mkubwa zaidi, kwa kawaida hufika sentimita 40 na baadhi huzidi sana hapo. Gamba lake ni la kahawia, na doa la katikati ya kigae halina mpaka dhahiri, linafifia polepole kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Mwekundu gamba lake ni jeusi la makaa. Hilo jina carbonarius linahusu makaa, alipewa na Mjerumani Spix mwaka 1824. Doa lake limekatwa vizuri, unaweza kulizungushia kalamu. Tena tazama juu ya pua: wa manjano ana jozi ya magamba marefu yanayotoka puani kuelekea kwenye paji, wa kwako magamba hayo ni mafupi.

Wa kwako ni mwekundu. Brazili wanamwita jabuti-piranga, na hilo piranga ni neno la Kitupi, lugha ya wenyeji wa kule, lenye maana ya nyekundu. Venezuela wanamwita morrocoy, na huko kwa karne nyingi Wakristo wamemla wakati wa Kwaresima wakimhesabu pamoja na samaki, jambo lililompunguza sana porini. Anapatikana kuanzia Panama hadi kaskazini mwa Argentina.

Picha ya tumbo inaonyesha mbonyeo katikati, kama sahani, na mkia mrefu mnene aliouweka ubavuni. Ni dume. Kiuno pia kimeanza kuonekana: ukimtazama kutoka juu, ubavu umeingia ndani kidogo. Jike tumbo lake ni bapa na mkia ni mfupi kama kidole gumba. Sentimita 24 ulizopima maana yake bado hajamaliza kukua. Wengi hufika 30 hadi 35. Umri usiuhesabu kwa mistari ya gamba, haina hesabu ya kuaminika. Ukimtunza vizuri anaweza kuwa nawe kwa miaka arobaini, hamsini, au zaidi, kwa hiyo wewe na nyumba yako mjue mmepokea mtu wa kukaa.

Kuna kitu kingine nimekiona kwenye picha ya mgongoni, na kimenisikitisha. Vigae vimeinuka katikati kama vichuguu vidogo, na kati yake kuna mabonde. Kobe huyu gamba lake linatakiwa liwe laini, la mviringo, ukipitisha kiganja kisikwame. Vichuguu vile hutokea kobe anapokua mahali pakavu. Zamani tuliambiwa ni nyama na protini nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa kwa kobe mkubwa wa Sahel, ulionyesha kwamba ukavu wa hewa ndio unaochangia zaidi. Huenda wako alikulia kwenye chumba chenye kiyoyozi. Vichuguu vilivyokwishatokea havirudi chini, ila gamba jipya linaloota pembeni mwa kila kigae linaweza kuota laini ukianza sasa.

Hapo ndipo penye kiini cha utunzaji wa huyu mnyama, na ndipo mazoea yetu yanapotupoteza. Sisi tukisikia kobe tunafikiri jua, mchanga na mawe. Jabuti ni mnyama wa kivulini. Kwao anatembea hata kwenye mbuga, lakini analala na kujificha msituni: chini ya gogo lililoanguka, ndani ya majani yaliyooza, kwenye shimo la mnyama mwingine. Mchanga wa uani kwako, ulio mweupe na mkavu, ukimrudishia jua la saa sita usoni, kwake ni kama kumweka kwenye kikaango. Mvua za masika ya Mtwara atazifurahia kuliko sisi, utamwona anatoka na kusimama kwenye manyunyu shingo nje. Shida yake kwetu ni miezi hii, wa sita hadi wa kumi, upepo mkavu na usiku wa baridi. Wakati huo wewe ndiwe mvua yake.

Mtengee kona ya ua, angalau hatua nne kwa tano, penye kivuli cha mwembe au migomba. Jenga ukuta wa matofali wa kufika gotini au kuzidi kidogo, asiweze kuona upande wa pili. Wavu haufai, kobe akiona nje atasukuma kutwa nzima mpaka achubuke pua. Nusu ya sakafu weka udongo wenye rutuba, juu yake tandika makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na majani makavu, unene wa kiganja. Makumbi yanashika maji bila kugeuka tope, na hayo Mikindani hayanunuliwi. Nyunyiza maji asubuhi na jioni, hasa kusi likivuma. Nusu nyingine iache ikauke, achague mwenyewe. Kobe anayelazimishwa kukaa penye maji siku zote gamba la tumboni huoza, utaliona lina mabaka meupe laini yanayonuka. Mjengee kibanda cha makuti, mlango wa chini, giza ndani. Sinia pana la udongo lenye maji lizikwe liwe sawa na ardhi, kina cha maji kisizidi nusu ya kimo cha gamba lake, kwa sababu si mwogeleaji. Badilisha maji kila siku, maana atayachafua kila siku.

Jua la asubuhi analihitaji, saa moja hadi saa tatu, ndilo linalomtengenezea vitamini D ya kutumia chokaa mwilini. Jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiki.

Adui ninayemwogopa zaidi kwetu ni siafu. Mbwa utamfunga, kenge na nguchiro utawazuia kwa kumfungia kobe kibandani usiku, lakini siafu huja kimya na kobe akijifungia kwenye gamba anakuwa amejifungia nao. Pitia banda kwa tochi kabla ya kulala, hasa baada ya mvua, na ukiona mstari wao mtoe kobe kwanza, mengine baadaye. Angalia pia uzio wako: kama ni wa mnyaa au mbono, maziwa ya mnyaa yanachoma macho na majani ya mbono ni sumu. Mtenge mbali.

Sasa chakula. Ugali acha leo, na mkate, wali na maziwa pia. Tumbo lake halina kazi navyo na vinachacha. Mchicha si mbaya ila si wa kila siku, una asidi inayofunga chokaa. Tikiti ni maji matupu. Jabuti anakula vingi kuliko kobe wengine. Kwenye kisiwa cha Maracá, kaskazini mwa Brazili, watafiti walimkuta akila matunda sana wakati wa mvua, na maua wakati wa kiangazi. Uyoga, majani, na mizoga midogo vilikuwemo pia. Kwa hiyo kwa siku nyingi mpe majani: matembele, mchunga, majani ya mronge, majani machanga ya mgomba, maua na majani ya haibiskasi, na mpungate uliochomwa miiba kwenye moto na kukatwakatwa. Majani yawe zaidi ya nusu ya sahani. Matunda yafuate: papai, embe, pera, kipande cha boga. Ndizi kidogo. Mara moja kwa wiki, kitu cha nyama, kidogo tu, kama robo ya yai la kuchemsha au kipande cha samaki kisicho na chumvi. Uyoga unaoliwa na watu pia anaupenda sana. Kwa chokaa tembea ufukweni ukaokote ule mfupa mweupe mwepesi wa dome unaotupwa na maji, uoshe, uanike, umwachie bandani autafune. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa yanasaidia pia.

Kisamvu kibichi usimpe hata jani, wala mhogo mbichi. Ile sumu tunayoitoa sisi kwa kutwanga na kupika, kwake ingali imo. Parachichi usimpe. Chakula cha kuku cha dukani usimpe, mara nyingi kimechanganywa dawa.

Kuhusu shemeji: hapana, asiachiwe kwenye mikorosho. Kwanza ni miezi ya kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na dawa nyingine za wadudu, na magugu yote ya chini ya mikorosho yamepokea vumbi hilo. Hata majani unayomchumia usiyachume shambani msimu huu, chuma uani kwako. Pili, na hili nalisema kwa uzito, huyu si mnyama wa hapa. Hali yetu ya hewa inamfaa kiasi kwamba anaweza kuishi, na hilo ndilo linalonitia hofu. Visiwani Karibi, watu walimpeleka na sasa amekwishazoea. Sisi tuna kobe wa bawaba kwenye vichaka vyetu na kwenye misitu ya Rondo na Litipo, anayekula vyakula vilevile na kujificha mahali palepale. Mgeni aliyelelewa na binadamu anaweza kuwa amebeba virusi, bakteria au vijidudu vya tumboni ambavyo yeye havimsumbui na wetu hawana kinga navyo. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto akikuletea kobe wa porini ati apate mwenzake, mrudishe alikookotwa siku hiyohiyo. Na ugonjwa unaweza kusafiri upande wa pili: Marekani ilizuia kobe kadhaa wa Afrika kuingia nchini humo mwaka 2000, kwa sababu kupe wao wanaweza kubeba ugonjwa wa maji moyoni wa ng'ombe. Upweke usikutie huruma isiyo na sababu, jabuti dume akikaa peke yake hanyongonyei.

Kisheria, kobe wote wa nchi kavu wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na kuvushwa mpaka kunataka vibali. Nchini kwetu wanyamapori wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Wewe hukumwingiza, lakini yuko kwako. Mtafute mgeni kwa simu umwombe nakala ya vibali alivyomwingizia. Halafu nenda na mjomba, kwa kuwa nyumba ni yake, mkamwone afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, mueleze mlivyompata na picha mkononi. Nendeni wenyewe kabla hamjaitwa. Wakisema akabidhiwe, mkabidhi pamoja na maelezo haya ya utunzaji. Usimuuze na usimpeleke kwa mtu mwingine kabla ya hapo.

Watoto wa nyumbani wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika, na wale wa chini ya miaka mitano wamtazame tu. Hata kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Beseni lake lisioshewe jikoni.

Mpime leo kwenye mizani ya dukani, uandike uzito na tarehe ukutani au kwenye daftari, kisha kila Jumamosi hadi kamasi ikatike. Asipopona ndani ya siku kumi, au uzito ukishuka mara mbili mfululizo, nitumie namba hizo pamoja na picha ya mdomo wake ukiwa wazi.

Na mikorosho ikianza kuangusha mabibo, mwezi wa tisa au wa kumi, mpe bibo moja lililoiva kutoka mti ambao haukupulizwa dawa. Mkorosho wenyewe ulitoka Brazili, Wareno waliuleta pwani yetu, kwa hiyo huenda hilo likawa tunda pekee la uani kwako ambalo mababu zake walilijua. Ing'oe korosho kwanza, ile na ganda lake: mafuta ya ganda yanachoma mdomo. Bibo liweke karibu na sinia la maji, kwenye kivuli, ukae mbali kidogo. Atalinusa kwa muda, atalisukuma kwa pua, halafu atauma.